Loveridge, mtaalamu aliyepekua matumbo ya nyoka

Nyoka akionekana Kaloleni au Makadara, wengi hukimbilia mawe. Arthur Loveridge, aliyezaliwa Wales mwaka wa 1891, alitaka kwanza kujua nyoka huyo amekula nini.

Aliteuliwa msimamizi wa makavazi ya Nairobi mwaka wa 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alijiunga na jeshi, kisha akawa msaidizi wa afisa wa wanyamapori Tanganyika. Mwaka wa 1924 alihamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, lakini alirejea Afrika Mashariki mara kadhaa kukusanya nyoka na mijusi. Katika maandishi yake alieleza pia vilivyopatikana matumboni mwao.

Kumbukumbu kama hizo ndizo zinazothibitisha yanayodhaniwa kuwa porojo. Chatu, kwa mfano, humla kenge mwenye makucha makali, hata mamba mdogo. Hatafuni, taya zake za chini hazikuungana mbele, hivyo hupanuka akameza windo lililo pana kuliko kichwa chake.

Loveridge alistaafu mwaka wa 1957 na kufariki 1980 katika kisiwa cha St Helena. Nyoka anayepondwa mtaani kabla ya kutambuliwa hufa na habari zake, pengine akiwa mla panya asiye na sumu.