Büchi: Mswisi aliyefanya moshi wa injini uzalishe nguvu

UKISIKIA lori la vitunguu likipanda mlima wa Kitonga huku likipiga mluzi mwembamba kutoka kwenye injini, ujue hiyo ni turbo inafanya kazi. Mafundi wetu wanaifungua na kuifunga kila siku. Aliyeibuni ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi ambaye jina lake ni kubwa kwa watu wa injini duniani kote.

Tunamzungumzia leo kwa sababu ya kibiashara. Wapo wenye pikapu na magari ya turbo wanaokata mabomba na kujitengenezea njia mpya ya hewa, wakitaka injini ivute hewa baridi. Wengine wanapata nafuu, wengine wanaua turbo ya bei mbaya. Ukijua Büchi alihangaika na nini, utajua pa kushika na pa kuacha.

Büchi alizaliwa Julai 11, 1879, katika mji wa Winterthur. Baba yake, Johann, alikuwa miongoni mwa wakuu wa kampuni ya mashine ya Sulzer, hivyo habari za injini hazikuwa ngeni nyumbani kwao. Mwaka 1899 aliingia chuo cha ufundi cha ETH mjini Zurich, akahitimu mwaka 1903, kisha akaenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza.

Katika miaka hiyo ndipo hesabu ya hasara ilipoanza kumsumbua. Mfanyabiashara ataielewa haraka: katika kila mafuta ya shilingi 100 yanayoungua ndani ya injini, kama shilingi 30 hivi hutoka kupitia ekzosi zikiwa joto tupu. Büchi aliona hiyo ni mali inayotupwa. Akafikiri kuweka gurudumu dogo lenye mapanga katika njia ya moshi, ili moshi ulizungushe. Upande wa pili wa ekseli hiyo hiyo linakaa gurudumu jingine, nalo linasukuma hewa safi kwenye silinda. Hewa ikiongezeka, mafuta mengi zaidi yanaungua vizuri, na injini ile ile inatoa nguvu kubwa zaidi. Hataza yake ya Ujerumani, namba 204630, ni ya Novemba 16, 1905. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Utajiri haukuja. Mwaka 1908 alirudi Uswisi na kuingia Sulzer, na mwaka 1911 majaribio yakaanza. Mashine ya kwanza ya mfano ilikamilika mwaka 1915, lakini ilishindwa kushikilia msukumo wa hewa bila kuyumba, na haikupata wateja. Vyuma vya wakati ule navyo vilikuwa dhaifu mbele ya moto wa ekzosi.

Joto, ndugu msomaji, ndilo adui wa turbo hadi leo. Hewa ya nyuzi 30 ikikandamizwa hadi mara mbili ya mgandamizo wa kawaida, inapita nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi: kila nyuzi 3 zinazoongezeka zinakupunguzia karibu asilimia 1 ya hewa. Kwa hiyo gari linalovuta hewa ya nyuzi 60 chini ya boneti, wakati nje ni nyuzi 30, linapoteza karibu sehemu moja ya kumi kabla hata turbo haijaanza kazi.

Hapo anayekata bomba ana hoja. Achukue hewa mbele ya gari au pembeni kwenye fenda, mbali na rejeta na ekzosi. Bomba lisiwe jembamba kuliko la kiwandani, lisiwe na kona kali, na liwe gumu, kwa maana laini hujikunja linapovutwa. Lisishuke chini kwenye madimbwi, kwani injini ikimeza maji inapinda koneksheni rodi. Kama gari lina kifaa cha kupima hewa, kibaki mahali pake.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kuondoa chujio. Turbo ndogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Vumbi la barabara ya shamba linayala mapanga yake kama msasa. Kila kiungo kati ya chujio na turbo kibanwe kwa klipu. Na bomba la plastiki la maji lisifungwe kabisa baada ya turbo, ambako hewa ni ya moto na ina msukumo. Kule ni mahali pa intakula, rejeta ya hewa, yenye mipira yake maalumu.

Büchi mwenyewe alipata jibu mwaka 1925, miaka 20 baada ya hataza ya kwanza. Aliyagawa mabomba ya ekzosi kwa makundi, ili mapigo ya moshi ya silinda moja yasizuie ya nyingine. Tena aliacha valvu za kuingizia na za kutolea hewa zibaki wazi pamoja kwa muda mfupi, hewa safi ikapita na kufagia moshi uliobaki, huku ikiipoza silinda. Nguvu ya injini ya dizeli ikapanda kwa zaidi ya asilimia 40.

Mwaka 1926 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini za mtindo huo, na nguvu ya kila injini ikatoka farasi 1,750 hadi 2,500. Mwaka huo huo aliondoka Sulzer, akaunda ushirika wa kibiashara: Brown Boveri watengeneze turbo, kiwanda cha SLM kitoe injini, yeye ashughulikie ubunifu na wateja.

Mwaka 1938 kampuni ya Saurer, ya Uswisi pia, iliweka turbo kwenye injini ya lori. Büchi alifariki Oktoba 27, 1959. Magari madogo ya kwanza ya turbo yaliyouzwa kwa umma, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair, yalitoka Marekani mwaka 1962.