Karani Aliyeumba Nchi Angani

Nilipoanza chuo hapa Kampala niliacha kusoma hadithi. Niliziona za watoto. Mtu mzima ana mitihani na karo. Maisha ya Shaaban Robert yalinirudisha.

Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Mwaka 1926 akawa karani wa forodha, akaitumikia serikali ya mkoloni miaka mingi. Mchana alitii wakubwa. Kwa kalamu aliumba Kusadikika, nchi inayoelea angani. Humo Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa ugenini, wakarudi na mambo mema, wakatiwa gerezani. Kitabu kilitoka mwaka 1951, Mwingereza bado anatawala Tanganyika. Neno zito kwa karani kulisema, nchi ya kubuni ililisema.

Alifariki mwaka 1962, miezi sita baada ya uhuru.

Siku hizi, baada ya Isha, husoma kurasa mbili tatu. Kesho yake nikipita Wandegeya, nikamwona mchuuzi akikusanya bidhaa mbio mbio, hujiuliza Karama angemteteaje barazani. Zamani nilikuwa napita tu.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.