Karamojo Bell: Mlenga shabaha aliyeikataa bunduki kubwa

Jina la Walter Dalrymple Maitland Bell lingali linatajwa kila wanapokutana waraibu wa bunduki kongwe zenye mitutu myembamba. Mwindaji huyu wa Scotland, aliyevuma kwa lakabu ya Karamojo, aliwaangusha ndovu zaidi ya 1,000 barani Afrika, wengi wao kwa risasi ambayo wenzake waliiona kuwa ya kuwindia paa.

Bell alizaliwa mwaka wa 1880 karibu na jiji la Edinburgh na akafiwa na wazazi wake akiwa mdogo. Kabla ya kutimiza miaka 20 alikuwa amefika Afrika Mashariki, ambako alipewa kazi ya kuwaua simba waliohangaisha shughuli za ujenzi wa reli ya Uganda. Bunduki yake ilipakiwa risasi moja moja, na kwenye joto ganda tupu lilikwama ndani. Mbele ya simba, kasoro hiyo ingemgharimu uhai.

Baadaye alielekea kaskazini mwa Canada wakati wa mbio za dhahabu, kisha akajiunga na kikosi cha Canada kilichopigana na Makaburu nchini Afrika Kusini. Makaburu hao walitumia bunduki za Mauser za Ujerumani, zenye risasi ya milimita 7 iliyobuniwa mapema katika miaka ya 1890. Risasi hiyo hiyo, ambayo kampuni ya Rigby ya London iliiuza kwa jina la .275, ndiyo iliyokuja kumpa Bell umaarufu.

Vita vilipomalizika mwaka wa 1902, alirejea Afrika Mashariki na kuingia Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kutafuta pembe za ndovu. Zama hizo wawindaji wengi walibeba bunduki nzito za mitutu miwili. Baadhi zilirusha risasi ya zaidi ya gramu 45 na kumgonga mpigaji begani kwa kishindo. Risasi ya Bell ilikuwa na uzito wa takriban gramu 11 tu. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende.

Siri yake haikuwa baruti bali elimu. Alilipasua fuvu la ndovu kwa msumeno na kuchunguza mahali hasa ulipo ubongo, hadi akaweza kuukadiria kutoka pembe yoyote ya kulengea. Risasi yake ndefu, iliyofunikwa kwa chuma kigumu, ilipenya mfupa bila kupinda. Safarini alikuwa akiinua bunduki isiyo na risasi na kulenga vitu vya mbali, mara nyingi kwa siku, ili mkono na jicho vizoeane.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa rubani wa Uingereza na alihudumu pia Tanganyika. Hatimaye alistaafu katika milima ya Scotland, akaandika vitabu na kuendelea kulenga shabaha kwa kujifurahisha. Huko aliwawinda kulungu wekundu kwa risasi ndogo zaidi, ya .220 Swift, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1935 na kusifika kwa kasi yake. Alifariki mwaka wa 1954.

Sifa zake zina upande mwingine. Mwindaji asiye na ustadi kama wake, akimkabili ndovu kwa risasi ndogo, humjeruhi mnyama na kujitia hatarini. Ndiyo maana mataifa mengi yanayoruhusu uwindaji huo huamuru bunduki kubwa zaidi.

Tena, ustadi huo ulitumikia biashara iliyowamaliza ndovu katika maeneo mengi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na mnamo 1989 Rais Daniel arap Moi akateketeza tani 12 za pembe jijini Nairobi. Mwaka huo huo, mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo.

Risasi ya milimita 7 ingali inatengenezwa, na waraibu wa Ulaya na Marekani huifurahia katika viwanja vya shabaha. Huko, funzo la Bell kwamba utulivu wa mkono hushinda ukubwa wa mtutu halimwagi damu ya ndovu yeyote.