Charles Lamb: Alikataa kumtelekeza dada yake aliyemuua mama yao

Septemba 22, 1796, jijini London. Charles Lamb, karani wa miaka 21, anamnyang'anya kisu dada yake Mary. Amechelewa. Mama yao ameshafariki.

Mary, 31, hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mshonaji aliyeshinda na sindano ili nyumbani kupatikane chochote, huku akimuuguza mama asiyejiweza. Uchunguzi uliamua kuwa hakuwa na akili timamu. Wengi waliochambua maisha yake wanaona dalili za bipola, ugonjwa unaomfanya mtu achangamke kupita kiasi, kisha azame kwenye huzuni nzito.

Kaka yao mkubwa, John, alitaka Mary abaki hospitali ya wagonjwa wa akili moja kwa moja. Charles akagoma. Aliahidi kumtunza, na mshahara wake wa ukarani ndio uliobeba gharama. Ugonjwa wenyewe aliujua, maana naye alishawahi kulazwa wiki sita.

Baba yao alipofariki 1799, Charles akamchukua Mary waishi pamoja. Ugonjwa ulikuwa unarudi kila baada ya muda. Wakajifunza kuzisoma dalili mapema. Zikianza tu, wawili hao walitembea pamoja hadi hospitali, huku wote wakilia. Wakisafiri, walibeba kabisa koti maalumu la kumfunga mikono.

Akipata nafuu, Charles anamrudisha nyumbani. Ikawa hivyo kwa miaka zaidi ya 30.

Lakini maisha ya Mary hayakuishia wodini. Mwaka 1807 ndugu hao walitoa kitabu cha hadithi 20 za Shakespeare kwa ajili ya watoto, na hadi leo kinasomwa. Mary aliandika 14, Charles 6. Jalada la kwanza lilikuwa na jina la Charles peke yake.

Charles naye alilemewa. Pombe ilimsumbua sana. Mwaka 1819 alimposa mwigizaji Fanny Kelly, akakataliwa, na hakuoa tena. Baadaye yeye na Mary walimlea binti yatima, Emma Isola, nyumba ikapata uhai.

Charles alifariki Desemba 27, 1834. Mary aliishi hadi 1847 chini ya uangalizi. Walizikwa kaburi moja huko Edmonton.