Alice Magaw

Alice Magaw (9 Novemba 1860 – 17 Februari 1928) alikuwa muuguzi kutoka Marekani aliyepata sifa kwa kazi ya kutoa nusukaputi, yaani dawa ya usingizi kwa wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji. Daktari Charles Mayo, aliyefanya naye kazi miaka mingi, alimpa jina la Mama wa Nusukaputi. Mwaka 1906 Magaw alichapisha taarifa kuhusu zaidi ya operesheni 14,000 ambazo hakuna mgonjwa aliyekufa moja kwa moja kwa sababu ya dawa hiyo.

Maisha ya awali

Alizaliwa Coshocton, katika jimbo la Ohio. Alisomea uuguzi katika Hospitali ya Wanawake ya Chicago pamoja na rafiki yake Edith Graham, wakahitimu mwaka 1889. Mwaka huohuo masista Wafransisko walifungua Hospitali ya St. Marys mjini Rochester, Minnesota. Madaktari wake wa upasuaji walikuwa William na Charles Mayo, na huduma yao ndiyo iliyokua hadi kuwa Kliniki ya Mayo. Graham alikuwa wa kwanza kuwapa wagonjwa wao dawa ya usingizi. Alipoolewa na Charles Mayo mwaka 1893 aliiacha kazi hiyo, na Magaw akachukua nafasi yake.

Hali ya nusukaputi wakati huo

Etha ilitumiwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Boston mwaka 1846, na klorofomu ikaanza kutumika Uskoti mwaka 1847. Dawa hizo ziliondoa maumivu ya kisu, lakini zenyewe zilikuwa za hatari. Klorofomu iliweza kusimamisha moyo ghafla. Etha ilichoma koo na kuleta matapishi, tena ilishika moto kwa urahisi.

Katika hospitali nyingi kazi ya kutoa dawa ilipewa daktari mwanafunzi. Mara nyingi macho yake yalikuwa kwenye upasuaji aliotaka kujifunza, si kwa mgonjwa. Dawa ilimwagwa kwa wingi juu ya kitambaa kilichofunika pua na mdomo, na mgonjwa aliyepaliwa na kujitupa alishikwa kwa nguvu. Akina Mayo waliona heri kazi hiyo ifanywe na muuguzi ambaye hana shughuli nyingine ila hiyo.

Njia yake ya kazi

Magaw alitumia njia ya matone. Aliweka barakoa ya waya iliyofunikwa kitambaa chepesi juu ya uso wa mgonjwa, kisha akadondosha etha tone baada ya tone, huku hewa ikipita na kuchanganyika na dawa. Aliongeza au kupunguza matone kwa kufuata pumzi, mapigo ya moyo, rangi ya ngozi na mboni za macho. Kwa namna hiyo mgonjwa alilala kwa dawa kidogo na kuamka mapema.

Pamoja na matone alitumia maneno. Alizungumza na mgonjwa kwa upole tangu mwanzo, akimweleza atakavyojisikia na kumtuliza hadi usingizi umchukue. Aliona kwamba hofu humfanya mgonjwa ahitaji dawa nyingi zaidi, na kwamba kila mgonjwa ana kipimo chake.

Machapisho

Magaw aliandika kumbukumbu za wagonjwa wake na kuzichapisha katika majarida ya tiba, jambo lililokuwa nadra kwa muuguzi. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1899, nyingine mwaka 1900 ikihusu wagonjwa 1,092 wa mwaka mmoja. Ile ya mwaka 1906 ilitoka katika jarida la madaktari wa upasuaji. Madaktari kutoka sehemu nyingi waliokwenda Rochester kuwatazama akina Mayo walimwona naye akiwa kazini, wakarudi kwao na njia yake.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1908 aliolewa na daktari wa upasuaji George Kessel, akaondoka Rochester na kuhamia Cresco, Iowa. Baadaye ndoa hiyo ilivunjika. Alifariki tarehe 17 Februari 1928.

Urithi

Baadhi ya madaktari walidai kuwa muuguzi anayetoa nusukaputi anafanya udaktari bila leseni. Mwaka 1917 mahakama ya rufani ya Kentucky iliamua kwamba muuguzi anaweza kufanya kazi hiyo chini ya usimamizi wa daktari wa upasuaji, na mwaka 1936 mahakama ya juu ya California ilitoa uamuzi wa namna hiyo. Kati ya kesi hizo mbili, mwaka 1931, wauguzi wa nusukaputi wa Marekani waliunda chama chao wakiongozwa na Agatha Hodgins.

Suala la nani atoe dawa ya usingizi linaihusu pia Afrika ya Mashariki. Nchini Tanzania madaktari bingwa wa usingizi ni wachache. Katika hospitali nyingi za wilaya, ikiwemo mikoa ya kati kama Dodoma na Singida, mjamzito anayehitaji upasuaji usiku humtegemea muuguzi au ofisa tabibu aliyesomea usingizi. Mashine na dawa zimebadilika tangu siku za etha, lakini kazi ya kukaa kichwani pa mgonjwa na kuifuata pumzi yake mpaka aamke ni ileile aliyoifanya Magaw.