George Inns na nyuso za kupakwa weusi
Sikatai, George Inns alikuwa fundi wa burudani. Mwaka 1958, mtayarishaji huyu wa BBC alianzisha kipindi cha The Black and White Minstrel Show: wanaume Wazungu wamejipaka rangi nyeusi usoni, wakiimba na kucheza na wasichana Wazungu. Mwaka 1961 kikashinda Waridi la Dhahabu kule Montreux, Uswisi. Mamilioni ya Waingereza walikipenda. Nani aliyemuuliza mtu mweusi aonaje? Mwaka 1967 wapinga ubaguzi wakapeleka ombi BBC kiondolewe, wallahi, halikusikizwa. Inns alifariki 1970, kipindi kingali hewani, na hakikukoma hadi 1978. Ufundi wake nauona, lakini kucheka siwezi. Sura ile iliyofanyiwa mzaha ni yangu.