Carver: Mzaliwa wa utumwani aliyegeuza shamba la shule kuwa darasa

KWA miaka mingi katika shule zetu, mwanafunzi aliyechelewa kufika au aliyepatikana akipiga kelele darasani amekuwa akikabidhiwa jembe na kuelekezwa kwenye shamba la shule. Matokeo yake ni kwamba watoto wengi humaliza masomo wakiamini kuwa udongo ni adhabu, na kwamba elimu ni njia ya kuuepuka.

George Washington Carver, mwanasayansi Mmarekani mweusi aliyefariki mnamo 1943, alikuwa na kila sababu ya kuamini hivyo. Alizaliwa mtumwa, katika jamii iliyoshikishwa jembe kwa nguvu kwa zaidi ya karne mbili. Hata hivyo, alirudi shambani kwa hiari yake, akiwa na shahada mbili, na kulifanya shamba kuwa darasa.

Carver alizaliwa karibu na kijiji cha Diamond, jimbo la Missouri, yapata mwaka wa 1864, wakati Wamarekani walipokuwa wakipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe halisi haijulikani, kwani watumwa hawakuwekewa kumbukumbu za aina hiyo. Angali mchanga, alitekwa nyara na genge la wavamizi pamoja na mamake, Mary. Moses Carver, mkulima aliyewamiliki, alifaulu kumpata mtoto lakini mama hakuonekana tena. Utumwa ulipokomeshwa mwaka wa 1865, Moses na mkewe Susan waliendelea kumlea George na nduguye, Jim.

Kwa kuwa alikuwa dhaifu wa mwili, George hakuziweza kazi nzito za shamba. Alimsaidia Susan jikoni na bustanini, na muda uliosalia aliutumia msituni akikusanya mimea. Punde si punde majirani wakawa wanampelekea maua na miche iliyonyauka ili aitibu.

Shule ya karibu haikuwapokea watoto weusi. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi, aliondoka kwenda mji wa Neosho kulikokuwa na shule yao. Huko alipata hifadhi kwa Mariah Watkins, mkunga aliyekuwa na ujuzi wa mitishamba. Baadaye alihamahama katika jimbo la Kansas, akifua nguo za watu na kupika ili ajikimu. Chuo kimoja kilimkubali kwa barua, kisha kikamfukuza mlangoni kilipotambua kuwa alikuwa mweusi.

Mlango ulifunguka mwaka wa 1890, alipojiunga na Chuo cha Simpson, Iowa, kusomea sanaa na piano. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, alitambua kipawa chake cha mimea na kumshawishi ahamie chuo cha kilimo cha jimbo hilo mjini Ames. Alijiunga nacho mwaka wa 1891 akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi, akapata shahada ya kwanza 1894 na ya uzamili 1896.

Akiwa Ames, Carver alikuwa akitembea mashambani na mtoto wa profesa mmoja, akimwonyesha sehemu za ua na aina za nyasi. Mtoto huyo, Henry Wallace, alikuja kuwa Waziri wa Kilimo na hatimaye Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 1941 hadi 1945.

Mnamo 1896, Booker T. Washington, mwasisi wa taasisi ya watu weusi ya Tuskegee, Alabama, alimwalika Carver aongoze idara ya kilimo. Hapakuwa na maabara. Carver aliwatuma wanafunzi kwenye majaa wakusanye chupa, mitungi na vipande vya chuma, na kwa takataka hizo wakaunda vifaa vyao vya kwanza vya sayansi.

Tatizo lililomkabili nje ya darasa lilikuwa kubwa zaidi. Kwa vizazi kadhaa, ardhi ya kusini mwa Marekani ilikuwa imepandwa pamba mwaka baada ya mwaka hadi ikachakaa. Mvua ilichimba makorongo na kuuzoa udongo wa juu. Wakulima weusi, wengi wao wakilima ardhi isiyo yao na kumgawia mwenyewe sehemu ya mavuno, walizama katika madeni. Mbolea ya dukani hawakuimudu.

Jibu la Carver lilikuwa kutumia kilichopo. Katika shamba la majaribio la takriban ekari 10, wanafunzi walirundika majani, matope ya vinamasi na mabaki ya jikoni, wakayaozesha kuwa mboji. Pamba ilipishana na kunde, njugu karanga na viazi vitamu. Kunde na karanga zilikuwa na faida ya pekee, kwa kuwa mizizi yake huhifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuirejesha udongoni. Mwanafunzi hakulima tu bali alipima, akalinganisha na kueleza kwa nini sehemu moja ilizaa kuliko nyingine.

Carver hakutaka ujuzi huo ubaki chuoni. Aliandika vijitabu zaidi ya 40 kwa lugha nyepesi. Kimojawapo, cha mwaka wa 1910, kiliwaelekeza walimu wa shule za vijijini namna ya kufundisha elimu ya viumbe kwa kutumia bustani. Kingine kilieleza jinsi ya kupaka kuta rangi iliyotengenezwa kwa udongo wa pale pale. Isitoshe, mnamo 1906 taasisi hiyo ilianzisha gari la kukokotwa na farasi, lililogharimiwa na tajiri Morris Jesup wa New York, likazunguka vijijini na mbegu, zana na mwalimu.

Hakuwa malaika. Usimamizi wa ofisi ulimshinda, na mara nyingi alizozana na Washington, hasa kuhusu mradi wa kuku. Umaarufu wake nao ulijengwa juu ya karanga, hasa baada ya mwaka wa 1921 alipofika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kulitetea zao hilo. Wengi husema alivumbua siagi ya karanga, jambo ambalo si kweli. Sifa hizo zimefunika kazi yake kuu, ambayo ni kumfundisha maskini kuiponya ardhi yake.

Fikra za Tuskegee zilifika hata kwetu. Mwaka wa 1924, Tume ya Phelps-Stokes, akiwemo Dkt James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya sasa, ilizuru Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete ili kuwafunza walimu ambao wangeboresha shule za vijijini. Waafrika wengi waliitilia shaka elimu ya aina hiyo, na walikuwa na haki. Serikali iliyowanyang'anya ardhi na kuwageuza vibarua haikuaminika ilipowahimiza wana wao washike jembe badala ya kitabu.

Ni hapa ambapo maisha ya Carver yana funzo. Kwake jembe halikuja badala ya kitabu. Viwili hivyo vilikwenda pamoja, na jasho la mwanafunzi lilimrudishia maarifa.

Leo mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka wa 2017, unasisitiza vitendo. Kila msimu wa mvua shule hupanda miche mbele ya wageni wa heshima. Ole wake mche huo iwapo hakuna mtoto aliyeambiwa unahitaji nini, na kwa nini umepandwa hapo! Shule isiyo na fedha inaweza kuanza na rundo la mboji nyuma ya jikoni na daftari la kuandikia kinachoonekana.

Carver hakuoa wala hakuacha mtoto. Akiba yake ya takriban dola 60,000 aliiachia wakfu wa utafiti aliouanzisha Tuskegee mwaka wa 1940. Alifariki Januari 5, 1943 na kuzikwa kando ya Washington, katika ardhi ya chuo alichokitumikia kwa miaka 47.